Namna ya kujifunza wimbo na kuushika

Kila mwaka, alasiri ya Jumamosi Takatifu, mtu anayepita nyuma ya kanisa anasikia sauti ya shemasi anayejifunza Exsultet, ule wimbo mrefu wa sifa unaoimbwa usiku wa Pasaka mbele ya mshumaa. Anaanza mwanzo, anakwenda hata mwisho, kisha anaanza tena. Mara kumi, mara ishirini. Saa kumi ya jioni anauimba wote pasipo kosa, anafunga kitabu na kufurahi. Usiku, kanisa limejaa, mishumaa inawaka, naye anapotea mahali pale pale alipopita vizuri mchana. Sauti inapanda mahali pa kushuka; anatafuta noti, haioni; waamini wanangoja.

Kesho yake watu wanasema: «Yule hana sikio.» Yeye mwenyewe anasema: «Nilishikwa na woga.» Labda woga ulikuwako kweli. Lakini sisi tunafikiri kwamba mara nyingi sababu ni nyingine: alijifunza kwa namna isiyofaa, wala hakuna aliyemwonyesha namna bora. Tunaambiwa wimbo gani wa kujifunza, na siku gani ya kuuimba. Namna ya kujifunza, kila mmoja anaitafuta mwenyewe kama mtu anayepapasa gizani.

Neno hili si dogo. Konsilio ya Vatikano ya Pili, katika Konstitusyo juu ya Liturjia takatifu ya mwaka 1963 (namba 115), ilitaka mafundisho na mazoezi ya muziki yapewe nafasi kubwa katika seminari. Mbele yake, mwaka 1903, Papa Pio X alikwisha kuagiza kwamba muziki mtakatifu ufundishwe kwa bidii huko huko. Sababu inaeleweka. Padri aliyekwisha kuamini kwamba hajui kuimba atasoma tu prefasyo maisha yake yote, na parokia yake itazoea kusoma pamoja naye. Katekista aliyekata tamaa hatafundisha wimbo mpya, na kanisa lake la kijijini litaimba nyimbo nne zile zile miaka na miaka. Basi tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu mambo machache ambayo elimu ya ubongo imevumbua, kusudi dakika zile zile tulizo nazo zituletee faida kupita zamani.

I. KITU GANI KINATENDEKA KICHWANI

Ubongo wa mtu umeumbwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa neuroni. Mwaka 2009 wataalamu wa Brazili walizihesabu kwa ufundi mpya, wakapata karibu miliari 86. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kila neuroni ni chembe ya peke yake. Kati ya neuroni moja na jirani yake kuna nafasi ndogo mno, na ujumbe unapaswa kuivuka. Mwaka 1949 Mkanada Donald Hebb alifundisha hivi: neuroni moja ikisaidia mara kwa mara kuiamsha nyingine, kifungo kati ya hizo mbili kinapata nguvu. Majaribio ya nyuma yake yalithibitisha fundisho hilo katika mambo mengi.

Tutumie mfano wa njia ya mtoni. Mtu akipita mara moja katika nyasi ndefu, kesho yake nyasi zimesimama tena. Akipita kila siku, njia inaonekana. Wengine wakipita pia, inakuwa njia ambayo hata usiku mguu unaijua. Kujifunza noti za wimbo ni kukanyaga njia ya namna hiyo kati ya jicho, sikio, koo na vidole. Lakini tuangalie neno moja: nyasi haziulizi kama mpitaji anakwenda vema au amepotea. Kosa lililoimbwa mara kumi limekwisha kuwa njia.

Mabadiliko hayo yanaweza kupimwa. Mwaka 1995 wataalamu wa Ujerumani waliwachunguza wapigaji wa vinanda vya nyuzi kama violoni. Waliona kwamba ile sehemu ya ubongo inayopokea habari za vidole vya mkono wa kushoto ilikuwa kubwa kupita ya watu wengine, zaidi kwa wale walioanza wangali watoto. Hata hivyo asiseme mtu wa miaka 25: «Mimi nimechelewa.» Tutaona chini kwamba ubongo wa mtu mzima nao unabadilika, tena katika siku tano tu.

Wanafunzi wa filosofia na teolojia watatambua hapa jambo wanalolijua kwa jina la habitus. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika Summa (I-II, q. 52, a. 3), anauliza kama kila tendo linaongeza habitus yake. Anajibu kwamba sivyo: tendo linalofanywa kwa ulegevu, chini ya nguvu ya habitus yenyewe, haliiongezi, bali linatayarisha upungufu wake. Tulishike neno hilo, maana wataalamu wa siku hizi, kwa njia nyingine kabisa, wamefika karibu na mahali pale pale.

II. KANUNI TANO

1. Kwenda pole pole, na kusahihisha kosa papo hapo. Mwaka 2009 Robert Duke na wenzake, katika Universite ya Texas huko Austin, waliwapa wapiga piano 17 kipande kigumu kifupi cha konserto ya Shostakovich. Kila mmoja alijifunza alivyotaka. Kesho yake wote walisikilizwa na kupangwa kutoka wa kwanza hata wa mwisho. Wingi wa dakika haukuonyesha nani atakuwa bora, wala wingi wa kurudilia. Walio bora nao walikosa mwanzoni kama wengine. Lakini kosa lilipotokea, walitafuta mahali pake halisi, wakapunguza mwendo, wakarudilia mahali pale tu hata pakasimama imara, kisha wakaendelea. Wengine walipita juu ya kosa, wakalikuta tena duru iliyofuata.

Tumwangalie tena shemasi wetu. Kila mara anaanza mwanzo. Kwa hiyo mstari wa kwanza anaujua kama Baba Yetu, na mstari wa mwisho ni mgeni kwake. Mahali pagumu anapapita mara moja tu katika kila duru, tena kwa haraka, akitumaini kwamba mara hii patakwenda. Hayo ndiyo matendo malegevu ya Mtakatifu Tomasi: mdomo unaimba, akili haiko. Afadhali aimbe mahali pale pagumu peke yake mara sita, pole pole, akisikiliza kila noti, kuliko kuimba wimbo wote mara ishirini.

2. Kugawanya wakati. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alieleza majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alishika silabi zisizo na maana, akahesabu ni mara ngapi anapaswa kuzisoma ili azijue. Aliona kwamba kusoma mara 38 kwa kugawanya katika siku tatu kulimpa faida sawa na kusoma mara 68 katika siku moja. Kwa nini? Kati ya siku na siku tunasahau kidogo, na kule kusahau kidogo si adui. Akili inayolazimika kwenda kulitafuta neno lililoanza kupotea inakifunga kifungo chake kwa nguvu. Akili inayorudilia neno lililo bado mdomoni haikitafuti kitu.

3. Kuchanganya. Mwaka 1979, huko Marekani, Shea na Morgan waliwafundisha watu mazoezi matatu ya mkono. Kundi moja lilimaliza zoezi la kwanza kabisa, kisha la pili, kisha la tatu. Kundi jingine liliyachanganya. Wakati wa kujifunza, kundi la kwanza lilionekana kuwashinda wenzao. Lakini walipopimwa nyuma ya dakika 10, na tena nyuma ya siku 10, kundi lililochanganya ndilo lililoshika zaidi.

Jaribio hilo linatueleza udanganyifu unaowapata wengi. Saa kumi ya jioni shemasi alifurahi kwa sababu mara ya ishirini ilikwenda kwa urahisi. Lakini urahisi wa mara ya ishirini unatoka katika kinywa kilichopata moto. Haushuhudii kwamba wimbo umeshikwa. Shahidi wa kweli ni mara ya kwanza ya kesho asubuhi, mbele ya kufungua kitabu. Usiku wa Pasaka pia unaimba mara moja tu, na hiyo ni mara ya kwanza. Kwa hiyo katika nusu saa moja mpiga harmoniumu afadhali achukue kipande cha utenzi, kisha gama, kisha kipande cha wimbo mwingine, halafu arudi kwa kile cha kwanza. Ataona shida, na pengine atadhani hasongi mbele. Asiogope, shida hiyo ndiyo kazi yenyewe.

4. Kupumzika na kulala. Mwaka 2019 watafiti wa serikali ya Marekani waliwapa watu zoezi la kubonyeza namba chache kwa vidole, sekunde 10 za kazi na sekunde 10 za kupumzika, zamu kwa zamu. Waliona kwamba mwanzoni mwa kujifunza karibu maendeleo yote yalitokea katika zile nafasi za kupumzika. Mikono ilitulia, ubongo ukaendelea na kazi. Na tangu mwaka 2002 tunajua jaribio la Matthew Walker na wenzake: watu waliojifunza zoezi la vidole jioni, walipolala na kuamka, waliongeza mwendo kwa karibu asilimia 20 pasipo kuzidisha makosa. Waliokaa macho saa nyingi vile vile wakati wa mchana hawakupata faida ya namna hiyo. Ni kweli kwamba wataalamu wamebishana juu ya kiasi cha faida hiyo, kwani sehemu yake yaweza kutoka katika kupumzisha vidole vilivyochoka. Lakini hakuna anayetetea kukesha.

Sisi wenyewe tulilijua jambo hili kwa hasara. Tulipokuwa wanafunzi tulikesha na harmoniumu usiku wa kuamkia sikukuu, tukidhani kwamba kila saa tunayowaibia usingizi tunaipata katika muziki. Asubuhi, kwenye matoleo, vidole vilisimama katikati ya mstari, na korali ikamaliza utenzi bila sisi. Tungelala nyuma ya dakika 20 tungalipiga vizuri zaidi.

5. Kujifunza kwa moyo, pasipo sauti. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapa habari za jaribio la kustaajabisha. Watu wasiojua piano walipewa zoezi la vidole vitano, saa 2 kila siku, kwa siku 5. Kundi moja lilipiga kweli. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano na kufikiri tu kwamba linapiga, likisikia kila noti moyoni. Katika ubongo, sehemu inayoongoza vidole iliongezeka kwa makundi yote mawili. Walioifikiria kazi tu hawakupiga vizuri sawa na wenzao siku ya tano, lakini zoezi moja la saa 2 kwa vidole vyenyewe liliwatosha kufikia kipimo chao.

Habari hii ni njema kwa nyumba zetu, ambamo pengine harmoniumu moja inangojewa na wanafunzi 40, au kinanda cha umeme kinanyamaza kwa kuwa umeme umekatika. Anayengojea zamu anaweza kukaa na karatasi yake, kusoma noti kwa macho, kuzisikia ndani, na kusogeza vidole juu ya goti. Asifikiri kwamba hiyo inatosha pasipo chombo. Lakini atakapokaa mbele ya harmoniumu, nusu ya safari imekwisha.

III. MAULIZO MATATU

Mtu ataweza kusema: «Wazee wetu waliimba vizuri kutupita, wala hawakujua habari za neuroni.» Ni kweli. Lakini tutazame walivyojifunza. Mtoto alisikia wimbo shambani, akausikia tena kando ya moto, akashika kiitikio kwanza, mwaka mwingine akashika mistari, na katikati alilala usiku mwingi. Wimbo wa matanga ulichanganyika na wa mavuno na wa kutwanga. Hivyo walifuata kanuni karibu zote tulizozitaja. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina kabla ya uhuru wetu na kujulikana duniani tangu mwaka 1958, haikuanza kwa karatasi ya noti. Ilijengwa juu ya namna za kuimba ambazo waimbaji walizishika tangu utoto. Sisi tuliotiwa katika ratiba ya kengele ndio tuliopoteza namna ile, na elimu inatusaidia kuirudia.

Mwingine atasema: «Hatuna wakati.» Tunajibu kwamba kanuni hizi haziombi wakati zaidi. Saa moja ya siku ya nne jioni igawanywe katika robo saa nne, siku nne mbali mbali. Hesabu ni ile ile, faida si ile ile.

Wa tatu atauliza kama si hatari kuingiza mambo ya maabara katika sala. Gratia supponit naturam, tunajifunza hivyo tangu mwaka wa kwanza. Shemasi anayejua wimbo wake vizuri anaweza kuusali. Asiyeujua anapigana na noti mbele ya watu, na moyo wake hauna nafasi ya kumwangalia Kristu Mwanga.

Hata hivyo tusidai kupita kiasi. Majaribio mengi tuliyoyataja yalikuwa ya vidole na mikono, kwa mazoezi mafupi. Tukiyaleta kwenye sauti ya kuimba, tunakwenda kwa mfano. Wala elimu hii haimfanyi kila mtu kuwa fundi mkubwa. Inaahidi neno dogo: kwamba anayeimba vibaya leo ataimba vizuri kupita alivyoimba, akifanya kazi kwa akili.

IV. KAZI YENYEWE

Kwa shemasi. Aanze Exsultet Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Aukate wimbo katika vipande saba au nane. Siku ya kwanza ajifunze kipande cha mwisho, pole pole. Kesho yake, kabla ya kufungua kitabu, ajaribu kukiimba, kisha ndipo ajisahihishe na kuongeza kipande kinachotangulia. Akienda hivyo kutoka mwisho kurudi mwanzo, usiku wa Pasaka kila hatua itamleta mahali anapopajua zaidi. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Mara moja kwa juma ajirekodi kwa simu na kujisikiliza, maana anayeimba hasikii yote. Wiki ya mwisho aimbe wote mara moja tu kwa siku, amesimama, mbele ya mwenzake mmoja au wawili, ili woga nao aujaribu. Na Jumamosi Takatifu alasiri apumzike.

Kwa katekista mwenye korali. Wimbo mpya usifundishwe wote siku moja. Dominika ya kwanza, nyuma ya Misa au ibada, afundishe kiitikio tu kwa dakika 10, aimbe wimbo mwingine unaojulikana, kisha arudi kwa kiitikio. Akisikia kosa la tenori, asiirudishe korali yote mwanzo. Awachukue tenori peke yao, mahali pale pale, pole pole. Dominika ya pili aanze kwa kuwauliza: «Nani anakumbuka?», awaache watafute kwanza kabla ya kuwaonyesha. Dominika ya tatu wimbo utaingia katika Misa, na hautatoka tena.

Kwa mapadri walimu wa muziki. Tunawaomba wenzetu hawa wasiharakishe kumwambia mwanafunzi kwamba hana sikio. Wamwulize kwanza: «Unajifunza namna gani? Saa ngapi? Unaanzia wapi? Ukikosa, unafanya nini?» Mara nyingi ugonjwa utaonekana katika majibu hayo, na dawa yake haina bei. Kijana aliyefukuzwa katika korali akiwa na miaka 14 amebeba neno lile hata altareni. Tumewajua mapadri wa namna hiyo, wahubiri hodari, wanaoinamisha kichwa kila inapofika zamu yao ya kuimba.

Mwaka huu, wapenzi wasomaji, pasipo kungojea mwalimu wala kitabu kipya, kila mmoja wetu achague wimbo mmoja alioushindwa. Akate kipande kimoja, akitengeneze leo kwa dakika 15, afunge kitabu na kulala. Kesho asubuhi ajaribu kukiimba kabla ya kukitazama. Hapo atajua amefika wapi, na aanzie wapi.